Kobe Anavuja Wapi

Kobe alichemsha katikati ya mlima, mahali ambapo barabara haina kivuli wala pa kuegesha, na nyuma ya gari Mwalimu alikuwa amelala chali, meno yameumana, mkono wake umeng'ang'ania mkono wa mdogo wake.

Kobe lilikuwa jina la gari. Lilikuwa vani kuukuu, rangi yake nyeupe imegeuka kama maziwa yaliyolala, na watoto ndio waliolibandika jina hilo enzi zile walipokuwa wakipelekwa nalo shule, kwa sababu halikuwahi kumpita mtu barabarani isipokuwa waendao kwa miguu, na hata hao si wote. Watoto walikua wakaenda zao, jina likabaki. Mwenye gari alikuwa seremala, mrefu, mwembamba, vidole vimejaa makovu ya patasi, na mtaani hakuna aliyemwita kwa jina jingine ila Seremala. Mkewe alikuwa amefundisha chekechea mpaka mwili ulipomkatalia, naye aliitwa Mwalimu na kila mtu, mumewe akiwemo.

Ugonjwa ulimwanzia kwenye titi, ukatulia kwa muda kana kwamba umeaga, kisha ukazukia kwenye uti wa mgongo. Tangu hapo kukaa kitako kukawa adhabu. Ndipo Seremala alipong'oa viti vya nyuma vya Kobe na kumtengenezea mkewe kitanda cha mbao, akakikaza sakafuni kwa boliti ndefu, akaweka godoro juu yake, ili aende hospitali amelala. Ilikuwa kazi safi. Kila aliyekiona kitanda kile alikipapasa kwanza kabla ya kutoa pole.

Sasa mvuke ulikuwa ukifoka kutoka chini ya boneti, na mshale wa joto umegonga mwisho.

"Tumefika?" Mwalimu aliuliza kutoka nyuma.

"Bado kidogo," Seremala alisema.

"Bado kidogo ya kweli au ya kwako?"

Seremala alishuka, akafungua boneti kwa kitambaa, akarudi nyuma hatua kadhaa kukwepa mvuke. Ilibidi kungoja. Rejeta ya moto huifungui hivi hivi, itakubabua uso. Basi wakangoja, jua likiwachoma kupitia bati la gari, shemeji yake akimpepea dada yake kwa kipande cha boksi, malori yakipita na kulitikisa gari lote, na kila lilipotikisika Seremala alimsikia mkewe akivuta pumzi kwa meno. Alisimama pale mbele ya injini yake akajiona hana maana kabisa. Hata kumgusa alishindwa, maana mikono ilikuwa na grisi.

Injini ilipopoa alimimina maji yote waliyokuwa nayo ya kunywa. Kobe aliyameza bila kushukuru. Walifika hospitali wameshachelewa, wakaambiwa daktari wao amekwenda wodini, warudi wiki ijayo.

Mwalimu hakulia. Shemeji ndiye aliyelia, akiwa amegeukia ukuta wa korido ili dada yake asimwone.

*

Kesho yake asubuhi Seremala alimwendea fundi wa magari wa mtaa wa pili, ambaye watu walimbatiza jina la Taratibu. Hakuwa mvivu. Ni kwamba hakuna kazi aliyoianza pasipo kuizunguka kwanza kama mtu anayetaka kununua ng'ombe.

"Maji yanapungua," Seremala alimwambia, "lakini chini hapalowani. Nimetandika maboksi, asubuhi nayakuta makavu."

"Basi yanakwenda mahali," alisema Taratibu.

"Hilo hata mimi nalijua."

"Subiri. Yanakwenda mahali ambapo hatupaoni." Akaingiza kichwa ndani ya boneti, kikakaa humo muda mrefu.

Alipotoka alifunga kwenye mdomo wa rejeta pampu ndogo ya mkono yenye saa, ile ya kusukuma upepo ndani ili penye tundu pajulikane. Ukiona mshale wa saa unashuka, kuna mahali panavuja. Walisimama wote wawili wakiutazama. Mshale haukutikisika.

"Humu hamna tundu," Taratibu alisema. "Ni mfuniko huu. Mpira wake umechoka, maji yakichemka yanatorokea hapa kama mvuke."

Wakabadilisha mfuniko. Kwa siku chache Seremala alitembea na gari kwenda kuchukua mbao na kurudi nazo zimefungwa juu ya paa, akapima maji kila asubuhi, yakawa palepale. Alirudi ndani akiwa na uso wa mtu aliyeshinda kesi.

"Kobe amepona," alimwambia mkewe.

Kitanda cha Mwalimu kilikuwa kimesogezwa dirishani, akapata kuuona uwanja mdogo ambako gari liliegeshwa. "Heri yake," alisema.

Safari ya hospitali ilipofika, wakaondoka alfajiri na mapema. Hawakuchemsha, lakini walipofika Seremala alifungua kile kichupa cha pembeni cha maji ya akiba akakikuta kitupu. Walipita mlimani salama kwa bahati tu. Akawatazama wahudumu wakimshusha mkewe kwenye machela, akaitazama injini, akamwambia shemeji yake, "Tangulieni. Mimi nikague hapa kidogo, tusije tukalala njiani."

Na alikagua kweli. Kwa muda wote ambao mkewe alikuwa mbele ya daktari, yeye alikuwa kwenye maegesho, shati amelivua, akipapasa mabomba ya mpira moja baada ya jingine, akifuata kila kiungo kwa ncha ya kidole kama kipofu anayesoma. Alikuta yote makavu. Walinzi wa hospitali walimzoea, wakaanza kumpa ushauri, kila mmoja na wake.

Mwalimu na mdogo wake walipotoka hawakuwa na la kusema. Seremala alikuwa na mengi.

"Nadhani ni pampu ya maji," alisema, akifuta mikono. "Pampu ikianza kufa hutoa jasho kidogo kidogo. Daktari amesemaje?"

Shemeji alimtazama dada yake. Mwalimu alikuwa ameshalazwa ndani ya gari, uso umeelekea dari.

"Amesema nipumzike," alisema. "Tusije kwanza mpaka watuite."

"Vizuri," Seremala alisema, na kwa kweli alifurahi. "Basi tuna nafasi ya kulitengeneza hili gari sawasawa."

Shemeji alifunga mlango wa pembeni, akakaa sakafuni karibu na kichwa cha dada yake, akasahau kuviweka chini viatu alivyovivua alipopanda.

*

Taratibu alibadilisha pampu ya maji. Ile ya zamani aliishika kwenye mwanga akaigeuzageuza, akakiri kwamba ilikuwa nzima. Kisha akafungua kijiti cha oili akakinusa, akaomba injini iwashwe akatazama moshi. Akakuna kidevu.

"Hofu yangu ni gasketi," alisema. "Ikiwa gasketi ya silinda hedi imepasuka, maji yanaingia ndani ya injini yanaungua humohumo. Ndiyo maana hatuyaoni."

"Dalili zake?"

"Moshi mweupe, na oili inakuwa kama chai ya maziwa."

"Umeona hayo?"

"Sijayaona."

"Basi kwa nini unanitisha?"

"Kwa sababu nimemaliza kila kitu kingine, Seremala. Sina jibu. Afadhali nikwambie sijui kuliko kukufungulia injini nzima bure."

Seremala alilirudisha gari nyumbani akawa halali wala haketi. Mbao za watu zilikaa karakana bila kuguswa. Asubuhi alikuwa chini ya Kobe, mchana chini ya Kobe, miguu tu ndiyo iliyoonekana kutoka dirishani. Akiitwa kula alisema anakuja, na chakula kikapoa. Shemeji, ambaye tangu usichana wake hakuacha kumtania mume wa dada yake, alimletea chai akaiweka karibu na viatu vyake.

"Shemeji, ukishahamia huko chini useme tukuletee na mto."

"Niletee tochi."

"Makubwa! Na mke wako nimwambie una nyumba ndogo?"

Aliwasikia wote wawili wakicheka, shemeji pale uwanjani na mkewe dirishani, na kicheko cha mkewe kikakatika ghafla kwa kikohozi. Seremala alinyamaza chini ya gari mpaka kikohozi kikaisha. Hakutoka kwenda kumshika mgongo. Baadaye, alipoyawaza yote, hicho ndicho kilichomchoma kuliko vingine, kwamba alikuwa karibu hivyo na hakutoka.

Ukweli ni kwamba chumba kile kilimshinda. Kilikuwa na harufu ya dawa na shuka zilizofuliwa mara nyingi, na mkewe ndani yake alikuwa akipungua. Mabega yaliyokuwa yakibeba watoto wawili wawili wa chekechea yalikuwa yamebaki mifupa. Kila alipoingia mle alitafuta kitu cha kutengeneza. Alikaza bawaba ya dirisha. Alikata mguu wa meza uliokuwa ukiyumba. Vilipokwisha vya kutengeneza, alisimama katikati ya chumba na mikono inayoning'inia, akasema, "Ngoja nikaangalie gari."

Siku moja Mwalimu alimwita kabla hajatoka.

"Nikwambie kitu kuhusu hilo gari lako. Nikiwa nimelala mle nyuma nasikia harufu tamu. Kama sharubati iliyoungua."

"Lini?"

"Kila safari. Nilimwambia mdogo wangu, akasema ni dawa zinanichezea pua."

Shemeji, aliyekuwa akikunja nguo, alisema, "Mimi nimekaa humo humo, sikusikia kitu."

"Wewe una mafua tangu uzaliwe," Mwalimu alisema.

Seremala aliketi ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa siku nyingi. Maji ya rejeta, yale ya kijani yenye dawa, yakiungua hutoa harufu tamu. Akaanza kufikiri kwa sauti. Nilipokwenda kuchukua mbao, maji hayakupungua. Nilipokwenda sokoni, hayakupungua. Tulipokwenda hospitali, yalikwisha.

"Yanapungua wewe ukiwa ndani tu," alisema polepole.

"Basi dada ndiye anayeyanywa," shemeji alisema. "Mwizi tunaye ndani."

Mwalimu alitabasamu, lakini macho yake yalikuwa yakimtazama mumewe kwa namna ambayo mumewe hakuielewa siku ile. "Nenda," alimwambia. "Nenda kaangalie. Kwenye kabati langu kuna chaki bado. Saga upake unga wake kwenye mabomba. Patakapolowana utapaona. Ndivyo tulivyokuwa tukitafuta panapovuja kwenye bati la darasa."

*

Alizisaga chaki zote. Aliingia chini ya Kobe na brashi ya rangi akapaka unga mweupe kila mahali ambapo maji yangeweza kupita, na alipofika sakafu ya nyuma ndipo alipokumbuka kitu ambacho hata Taratibu alikuwa amekisahau. Vani la aina ile lilitengenezwa kwa watu wa mahali pa baridi. Lilikuwa na hita ya pili ya kupasha joto kule nyuma, ambayo hakuna mtu katika familia aliyewahi kuiwasha, na maji ya moto yaliifikia kupitia mabomba mawili membamba ya chuma yaliyopita chini ya sakafu, yamejificha juu ya bomba la moshi. Kuwashwa au kutowashwa, maji yalipita humo daima. Akayapaka chaki nayo.

Kisha akapakia mbao za mninga juu ya kitanda, uzito wa mtu na zaidi, akalizungusha gari kwenye barabara mbovu ya nyuma ya mtaa, akipita kila shimo aliloweza kuliona. Alipolirudisha, alilipiga jeki, akaweka magogo ya usalama, akajilaza chini na tochi.

Chaki ilikuwa imelowana sehemu moja tu. Mstari wa kijani, mwembamba kama uzi, ulishuka kutoka kwenye bomba la hita. Tone likajikusanya, likaangukia bomba la moshi lililokuwa bado na moto, likafanya *tsss*, likapotea. Harufu tamu ikamjia puani. Ndiyo maana maboksi yalikuwa makavu. Hakuna tone lililowahi kufika chini.

Furaha ilimpanda, akataka kupiga kelele. Akasogeza tochi karibu zaidi aone tundu.

Kando ya tundu palikuwa na ncha ya boliti.

Aliitambua papo hapo. Ilikuwa yake. Alikuwa amezinunua ndefu makusudi, ili kitanda kisicheze, na alipozikaza kutoka juu hakushuka kutazama zimetokea wapi chini. Tatu zilitokea mahali pa wazi. Hii moja ilitokea ubavuni mwa bomba. Kila gari lilipopita shimo, ncha iliparuza chuma, ikaparuza, mpaka ikakitoboa. Gari likiwa tupu boliti ilijikaza kwenye lile tundu ikaliziba, na ndiyo maana saa ya Taratibu haikuona kitu. Uzito ukilala kitandani sakafu ilibonyea, ncha ikasogea, maji yakatoka. Kila aliposema hapo nyuma "bado kidogo," kitanda alichomtengenezea mkewe ndicho kilichokuwa kikimkausha Kobe.

Alibaki amelala chali pale chini, tochi inawaka juu ya kifua chake inamulika tumbo la gari. Alilikumbuka jua la mlimani. Alikumbuka meno ya mkewe. Daktari waliyemkosa siku ile walimkosa kwa sababu ya boliti hii, na nani ajuaye wiki ile moja ingekuwa na nini ndani yake. Alijaribu kuinuka, akagonga kichwa, akalala tena.

*

Aliingia chumbani bila kunawa. Shemeji alikuwa akimlisha dada yake uji kwa kijiko, akaona uso wa Seremala, akaweka bakuli chini.

"Nimepaona," alisema.

"Alhamdu! Sasa mbona umenuna hivyo?" shemeji alisema.

"Ni mimi, Mwalimu. Ni boliti ya kitanda. Nimetoboa bomba kwa mkono wangu mwenyewe. Siku ile uliyoungua juani, ni mimi. Daktari tuliyemkosa, ni mimi. Kama tungefika mapema siku ile. Kama wangekuona wiki ile..."

"Kaa," Mwalimu alisema.

"Nina grisi."

"Kaa na grisi yako."

Alikaa. Mwalimu aliuchukua mkono wake mchafu akauweka juu ya shuka safi, na shemeji, ambaye ndiye aliyefua shuka ile, aliiacha ichafuke.

"Wiki ile isingekuwa na chochote," Mwalimu alisema. "Daktari aliniambia tulipokwenda mara ya mwisho. Ugonjwa umefika kwenye ini. Hakuna dawa nyingine ya kujaribu. Amesema nirudi nyumbani nikae na watu wangu."

Seremala alimtazama kama mtu anayesubiri mzaha umalizike.

"Ulisema amekwambia upumzike. Ulisema tungoje watuite."

"Nilisema hivyo."

"Watatuita lini?"

"Hawatuiti, Seremala."

Alimgeukia shemeji yake. "Na wewe ulijua?"

"Nilikuwepo," shemeji alisema, machozi yakimtiririka bila kuyafuta. "Wewe ulikuwa maegesho. Tulikungoja. Daktari aliuliza mume yuko wapi, nikamwambia anakuja. Akangoja naye."

"Mngenipigia simu! Mngetuma mtu!"

"Dada alisema tukuache."

"Aniache?" Alikuwa amesimama sasa, anapiga kelele kwenye chumba cha mgonjwa. "Mnaniacha nazunguka chini ya gari kama mwendawazimu, nabadilisha pampu, nasaga chaki, mnanicheka dirishani, na nyinyi mnajua hatuna pa kwenda? Gari la kwenda wapi? Nilikuwa nalitengeneza la kwenda wapi?"

Mwalimu alifumba macho akangoja, kama alivyokuwa akingoja zamani watoto wa chekechea wamalize kulia kabla hajasema nao.

"Ulikuwa na kazi," alisema mwishowe. "Kila asubuhi uliamka una mahali pa kuanzia. Mimi sikuwa na cha kukupa badala yake. Nilifikiri, akimaliza nitamwambia. Kisha nikawa naomba usipate."

Seremala aliteleza mpaka sakafuni, mgongo ukiegemea kitanda, akalia kwa kwikwi kama ambavyo hakuwahi kulia hata alipomzika mama yake. Mkono wa mkewe ulimfikia utosini ukakaa hapo. Ulikuwa mwepesi mno. Hakuna lililopata nafuu kwa kilio kile. Alipokimaliza, kila kitu kilikuwa palepale kilipokuwa, na uji umepoa.

*

Taratibu alikuja siku iliyofuata akayakata mabomba ya hita ya nyuma, akaunganisha mdomo na mdomo kwa kipande cha mpira karibu na injini. Ilikuwa kazi ya muda mfupi tu. Alipoiona ile boliti aliifungua, akaitia mfukoni mwake, na Seremala akamshukuru kwa hilo.

"Sasa hata ukimpandisha mlima na bendi nzima nyuma, hatachemsha," Taratibu alisema.

Seremala aliingia ndani akamwambia mkewe kwamba gari ni zima. Alikuwa amelifikiria jambo hilo usiku kucha. Hospitali hapana, sawa, lakini kulikuwa na mahali pengine. Angempeleka aone shule yake. Angempeleka kule kwenye daraja walikokuwa wakipeleka watoto kutupa mawe mtoni. Angeendesha polepole, angekwepa kila shimo.

Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Usinipandishe tena kwenye gari," alisema.

"Nitakwenda polepole."

"Hata polepole. Linaniumiza. Liliniumiza kila safari, tangu ya kwanza." Aliuona uso wa mumewe, akaongeza haraka, "Kitanda kilikuwa kizuri. Ni mifupa yangu tu."

Seremala alitikisa kichwa kukubali. Aliendelea kukitikisa muda mrefu.

Tangu siku hiyo alikaa chumbani. Alijifunza kumgeuza mkewe bila kumvuta, kumlowesha midomo kwa pamba, kutambua kwa mkunjo wa paji la uso kwamba dawa imeisha nguvu. Hakujifunza kuzungumza naye juu ya lile lililokuwa likija. Alijaribu, maneno yakamsaliti, na Mwalimu akamwokoa kila mara kwa kumuuliza habari za mbao. Watoto walikuja, wakakaa, wakarudi makazini, wakaitwa tena. Siku nyingine zilikuwa mbaya kiasi kwamba alijikuta akiomba ziishe, kisha akaogopa alichokiomba.

Mwalimu aliaga dunia alasiri moja, mumewe akiwa ameketi karibu naye akimenya chungwa ambalo hakuna aliyelitaka. Pumzi ilitoka, Seremala akangoja nyingine. Akangoja. Chungwa likamponyoka likabingirika chini ya kitanda, naye akainama kulitafuta, akalitafuta kwa bidii, mpaka shemeji alipoingia akamkuta amepiga magoti, mkono umenyooka gizani chini ya kitanda, na hakutaka kuinuka.

*

Baada ya mazishi watoto walikaa siku walizoweza kukaa. Shemeji alikaa zaidi ya wote. Alifua, akagawa nguo, akarudisha vyombo vya majirani. Halafu naye ikambidi aondoke, alikuwa na nyumba na watoto wake, na Seremala akampeleka kituo cha mabasi kwa Kobe.

Hawakutaniana njiani. Shemeji alishika pochi yake mapajani, akatazama mbele. Walipofika alisema, "Shemeji, usikae peke yako sana," na Seremala akasema, "Sitakaa," na wote wawili walijua hakuna mwingine wa kukaa naye. Alimbebea sanduku hadi kwenye basi. Alisimama pale mpaka basi likatoka, akapunga mkono kwa dirisha ambalo huenda halikuwa lake.

Aliporudi nyumbani aliegesha gari mahali pake uwanjani, chini ya dirisha. Akazima injini. Mshale wa joto ulikuwa umesimama katikati. Alishika ufunguo wa nyumba mkononi, akautazama mlango, akashindwa kufikiri ataufungua ili aingie afanye nini. Kwa hiyo alibaki amekaa. Jua lilihama kutoka kwenye kioo cha mbele likaja kwenye mkono wake. Injini ilipoa, ikalialia kidogo kama zinavyolia injini zikipoa, ikanyamaza.

Jirani aliyekuwa akianua nguo alimwona amekaa muda wote huo, akaja akagonga kioo.

"Seremala, kulikoni? Gari limekusumbua tena?"

Seremala aliteremsha kioo.

"Hapana," alisema. "Gari ni zima."

Jirani akasema pole, akarudi kwenye nguo zake, na Seremala akapandisha kioo.